Funzo la Matatu za Nairobi

Amri isiyotekelezeka huidhoofisha mamlaka iliyoitoa. Jambo hilo lilidhihirika mjini Nairobi, nchini Kenya, tarehe 3 Desemba, 2018. Siku hiyo serikali ya kaunti ilizipiga marufuku matatu kuingia katikati ya mji ili kupunguza msongamano. Maelfu ya abiria, wakiwamo wazee, walilazimika kwenda kwa miguu, ilhali motokaa za watu binafsi ziliachwa zipite. Siku hiyo hiyo amri ikasitishwa.

Kosa lilikuwa dhahiri. Hata matatu ndogo huchukua abiria 14. Motokaa nyingi hubeba mtu mmoja au wawili. Kilichozuiwa ni chombo cha walio wengi.

Kanuni za Februari 2004, chini ya Waziri John Michuki, zilifuata njia nyingine. Ziliagiza mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo visivyozidi kilomita 80 kwa saa. Abiria alilindwa, hakufukuzwa. Usimamizi ulipolegea, fujo zikarejea.

Mwenye motokaa hataiacha nyumbani kwa kutishwa, bali kwa kuwa na hakika kwamba atafika salama. Hakika hiyo imo mikononi mwa askari wa barabarani. Apokeapo hongo, huiuza.