Matembezi ya Naivasha: Gofu, Mlima na Korongo

Wasafiri wengi watokao Nakuru kwenda Nairobi huuona mji wa Naivasha kwa dirisha la gari tu. Mji huu mdogo uko karibu kilometa 70 kutoka Nakuru, nao wamfaa sana mtu mwenye siku mbili za mapumziko.

Mwaka 1883 Joseph Thomson, kijana Mskoti wa miaka 25, alifika hapa kwa miguu kutoka Mombasa, akapanda mlima Longonot na kuchungulia ndani ya kreta yake. Kwao Uskoti ndiko gofu ilikokulia. Mwaka 1457 bunge la huko liliupiga marufuku mchezo huo, kwa kuwa ulikuwa ukiwapotezea vijana wakati wa kujifunza upinde. Leo gofu yachezwa kwenye miteremko ya Eburru, katika uwanja wa mashimo 18 wa Great Rift Valley Lodge. Kueleza mchezo si kazi: mpira mdogo hupigwa kwa kigongo mpaka uingie shimoni, na mshindi ni mwenye mapigo machache. Kuucheza ndiko kazi.

Asiyependa gofu na aende Hell's Gate, hifadhi ya taifa tangu 1984, ambamo mgeni aruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli kati ya punda milia na swala. Nyati wamo pia, basi asiwasogelee.

Lakini korongo la Ol Njorowa lataka hadhari kubwa. Lilichimbwa na maji, na maji hurudi. Mvua ikinyesha mbali, juu milimani, maji hukusanyika na kushuka kwa nguvu kati ya kuta zile nyembamba, hata kama mbingu juu ya kichwa chako ni nyeupe. Ndivyo walivyofariki watu saba mnamo Septemba 2019. Kwa hiyo muulize askari wa langoni kabla ya kushuka, fuatana na kiongozi, na ukiambiwa korongo limefungwa usibishane, ingawa umekwisha kulipa kiingilio.

Longonot, wenye urefu wa meta 2,776, upandwe asubuhi mapema. Chukua maji ya kutosha, kwani njiani hakuna kisima. Jioni usitembee ukingoni mwa ziwa, maana wakati huo viboko hutoka majini kwenda kula majani.