Moshi Si Shahidi: Enjekteri za Gari Kuukuu (Sehemu ya 3)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye filta ya mazuti, yaani dizeli. Leo tunaingia ndani zaidi, kwenye enjekteri, na swali la wenye magari wa Masisi na Walikale ni lilelile: zibadilishwe lini? Kwingine swali hili huulizwa na tajiri mwenye gari la mbio la zamani, analoliwasha Jumapili tu. Kwetu huulizwa na mwenye Land Cruiser ya injini ya 1HZ, ile ya silinda 6 na lita 4.2 iliyoanza kutoka mwaka 1990, ambayo asubuhi hubeba mgonjwa na jioni magunia ya maharagwe.

Mafundi wengi watakutajia kilometa 100,000 au 150,000. Hesabu hiyo mimi siiamini huku. Goma hadi Masisi ni kama kilometa 80, lakini wakati wa mvua, ukishaacha Sake, ni gia ya kwanza na ya pili kutwa, na kwenye kila kizuizi injini inanguruma bure. Injini inayonguruma bila mzigo haipati joto la kutosha, na masizi hujijenga kwenye ncha za enjekteri. Hesabu saa za injini, si kilometa.

Mwaka fulani nilikuwa nalo gari la namna hiyo. Lilipokuwa likipanda kutoka Sake kwenda Mushaki lilitoa moshi mweusi hadi waendesha pikipiki wakanitukana. Nikakopa pesa, nikanunua enjekteri mpya zote 6, nikafungiwa. Safari iliyofuata, moshi uleule. Kijana mmoja fundi, mikono yake imejaa grisi, akafungua kasha la filta ya hewa, akaikung'uta chini, vumbi likajaa kama unga wa muhogo. “Papa,” akasema, “haiko ma-enjekteri, iko hewa inakosa.”

Alikuwa na haki mara mbili. Mushaki iko juu kuliko Goma, na Goma yenyewe iko kwenye mita 1,500 hivi. Kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi, na 1HZ haina turbo ya kuisukuma ndani. Pampu nyingi zinaendelea kupeleka mazuti kana kwamba gari liko pwani. Mazuti mengi, hewa kidogo: moshi mweusi. Gari hilohilo likiteremka kuelekea Walikale, kwenye msitu ulio chini ya mita 1,000, linaanza kupumua vizuri, na mwenyewe anadhani limejiponya.

Moshi unaonitia wasiwasi mimi ni ule mweupe wa asubuhi unaowasha macho. Hayo ni mazuti yaliyopita bila kuungua. Ukiambatana na mlio wa kugonga kama nyundo kwenye silinda moja, legeza nati za mirija ya enjekteri, moja baada ya nyingine, injini ikiwa inanguruma taratibu. Ukilegeza moja na mlio ukanyamaza, mgonjwa ni huyo.

Lakini hakimu ni pampu ya mkono yenye saa ya presha, na gereji zinazoshughulika na pampu za dizeli huwa nayo. Ndani ya enjekteri kuna sindano inayobanwa na springi. Nafasi kati yake na nyumba yake ni sehemu chache tu kati ya elfu moja za milimita. Kwenye 1HZ presha ikifika karibu baa 150, sindano inanyanyuka, mazuti yanatoka kama ukungu, kisha inafunga kwa mlio mkavu. Inayofunguka mapema mno imechoka springi, na hiyo hurekebishwa kwa vishimu, vile vibati vyembamba, bila kununua kitu kikubwa. Inayotema mstari badala ya ukungu, au inayodondosha tone kabla haijafunguka, badilisha ncha yake. Sisemi enjekteri nzima: mwili wa zamani wa kiwandani mara nyingi ni bora kuliko mpya usiojulikana ulitoka wapi. Washa za chini, hizo ziwe mpya kila mara. Na usikinge mkono mbele ya ukungu ule. Mazuti hupenya ngozi, na hapo unahitaji daktari wa upasuaji.

Wenye Prado za injini ya 1KD, haya hayawahusu. Presha yake inapita baa 1,000, na washa za shaba zikivuja, masizi huingia kwenye oili na kuziba chujio la chini hadi injini ikwame. Ukisikia mluzi wa gesi kwenye enjekteri, usisubiri soko la Jumamosi.

Kabla ya kufunga ncha mpya, angalia mazuti yanatoka wapi. Walikale barabara imekuwa mbovu miaka mingi kiasi kwamba ndege zilikuwa zinatua kwenye kipande cha lami cha Kilambo kuchukua kasiteriti. Bidoni la mazuti huko husafiri na kukaa siku nyingi, na maji hujikusanya chini yake. Kadhafi, yaani muuza mafuta wa barabarani, naye anaweza kukuongezea petroli. Msomaji wa Tanzania asichanganyikiwe: kwetu petroli ni mafuta ya taa, ile nyingine tunaiita esanse. Petroli ni nyepesi, hailainishi, na sindano ile haina oili nyingine zaidi ya mazuti yenyewe. Mimi hutia mazuti kidogo kwenye chupa ya plastiki na kuiacha usiku kucha, nione kama maji yatatua chini, kabla ya kulipa pipa zima.

Zile enjekteri 6 nilizozitoa nilimwachia kijana yule kama takataka. Akazipeleka kupimwa Goma. 5 zilikuwa nzima. Mpaka leo zinapanda Mushaki kila siku ya soko, kwenye gari la mtu mwingine.