Mvamizi Hushindwa na Njia

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wana methali isemayo kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Huku Suji, milimani juu ya Makanya, methali hiyo inao ushahidi wake bondeni, ilikopita reli ya Tanga na Moshi.

Mwezi Mei 1916 Jenerali Smuts, kwa amri ya Waingereza, aliteremka kutoka Kahe akilifuata jeshi la Wajerumani la von Lettow-Vorbeck. Kundi moja lilishika ukingo wa mto Pangani, la pili likaandama reli chini ya milima yetu, la tatu likapenya baina ya Upare ya Kaskazini na ya Kusini. Kwa siku kama kumi walikuwa Bwiko. Mwenye kuitazama ramani angedhani vita vimekwisha.

Havikwisha. Wajerumani waling'oa reli na kuvunja madaraja kila waliporudi nyuma, na kadiri Smuts alivyosonga mbele ndivyo chakula chake kilivyobaki nyuma. Mbung'o waliua farasi na nyumbu. Malaria na kuhara damu vikawalaza askari. Mwishoni mwa Juni jeshi lilikwama kwenye mto Msiha, ng'ambo ya Handeni, likakaa huko hadi Agosti. Kikosi cha 9 cha askari wa miguu wa Afrika Kusini kilikuwa na watu 1,135 mwezi Februari. Ilipofika Oktoba wazima walikuwa 116.

Mvamizi hupiga hesabu ya bunduki, akasahau ya unga. Gari likikosa njia, mzigo huhamia kichwani mwa mtu. Na mpagazi naye hula. Safari ikirefuka, unga huliwa na anayeubeba kabla ya kumfikia askari. Hapo pande zote mbili ziligeukia vijiji, zikachukua watu na nafaka. Wapagazi waliokufa huhesabiwa kwa makumi ya maelfu, katika vita ambavyo havikuwa vyao. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi chao. Ugogoni njaa iliyofuata iliitwa Mtunya. Na von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini Novemba 1918 tu, Ujerumani ilipokwisha salimu amri kwao Ulaya.

Nduli Idi Amin hakujifunza. Oktoba 1978 majeshi yake yalivuka mpaka, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya mto Kagera ni lake. Askari wake walipora ng'ombe na mali za wananchi. Na jeshi linaloshughulika kubeba nyara halichimbi mahandaki. Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga tunavyo. Amin alikuwa na silaha, hata na askari wa Libya. Alichokosa ni sababu ambayo askari wake wangekubali kuifia. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka.

Lakini njia haina upendeleo. Nasi tulipokwenda mbali, ilitutoza. Malori yaliyokuwa yabebe mazao yalikwenda vitani, na Mwalimu akatuomba tufunge mikanda kwa miezi kumi na minane. Shida ikazidi muda huo. Kilichotufaa ni kwamba Waganda wengi walitupokea kama wakombozi, wala hatukulazimika kupigana na kila kijiji.

Kwa hiyo viongozi wetu waelewe kwamba ulinzi haukai kambini peke yake. Barabara ya kupanda Suji, ghala la mahindi la wilaya na zahanati yenye dawa ni silaha pia. Na wa visiwani wasiseme kwamba bahari ni ukuta: Septemba 1914 manowari Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Unguja. Mchele unaotegemea meli unahitaji ghala kabla ya dhoruba. Mvamizi huchoshwa na njia iwapo tu mwenyeji ana chakula cha kumngojea achoke.