Moshi Mweusi Si Nguvu ya Lori



Wako miongoni mwetu hapa Sydney waendeshao malori yao wenyewe: wabebao mchanga na kokoto, makontena ya bandari ya Port Botany, au bidhaa za maduka. Aghalabu lori la kwanza la mtu anayeanza kazi huwa kuukuu, kwani bei ya jipya haishikiki. Na lori kuukuu la dizeli lina tabia moja ijulikanayo na kila jirani: hufuka moshi. Makala haya yaeleza moshi huo watoka wapi, kipi kitengenezwe kwanza na kipi mwisho, na kwa nini jambo hili si la dereva na fundi pekee bali ni la nyumba nzima.

Wengi wetu tulikulia penye barabara ambako moshi mweusi ulihesabiwa kuwa ni ushahidi wa nguvu. Dereva akiona mlima umemshinda, humwendea fundi wa pampu amfungulie dizeli zaidi. Fundi hugeuza skrubu, lori hupata nguvu kidogo na wingu kubwa, na dereva huondoka ameridhika. Mazoea hayo yamesafiri nasi. Hapana budi tuyapime.

Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Pistoni huibana hewa mpaka ikabaki kiasi cha moja ya kumi na sita ya ujazo wake, na hewa hiyo hupata joto lipitalo digrii 500. Hapo ndipo nozeli inyunyizapo dizeli, laini kama ukungu, nayo hushika moto yenyewe. Kilo moja ya dizeli huhitaji takriban kilo 14 na nusu za hewa ili iungue yote, yaani mita za ujazo zipatazo 12: hewa ya kujaza chumba kidogo. Na kwa kuwa muda wa kuchanganyika ni mfupi mno, injini hutaka hewa zaidi ya hiyo. Hewa ikipungua, dizeli huungua nusu nusu, na kaboni isiyoungua hutoka ikiwa masizi. Huo ndio moshi mweusi.

Sasa yaeleweka kwa nini malori ya zamani yasiyo na turbo, yaliyoondoka Mombasa yakiwa safi, yalianza kufuka yalipokaribia Nairobi. Mji huo uko mita zipatazo 1,700 juu ya bahari, na huko hewa imepungua uzito kwa takriban moja ya sita. Pampu ya zamani haina habari hiyo. Hupeleka dizeli ile ile. Hapa petu, apandaye Blue Mountains kwenda Katoomba, kwenye mita 1,000 hivi, hukutana na jambo hilo hilo kwa kiasi kidogo.

Ni kweli kwamba kuongeza dizeli huongeza nguvu, lakini mpaka kikomo fulani tu. Baada ya hapo, kila tone la ziada hununua joto na masizi. Joto hilo ndilo lipasualo pistoni na kuunguza turbo, na masizi huingia katika oili ya injini yakaifanya nzito kama uji. Rahisi huvunja upishi: skrubu iliyogeuzwa kwa dakika tano yaweza kuigharimu familia injini nzima.

Kabla ya kufungua chochote, tazama rangi. Moshi mweusi ni dizeli iliyozidi hewa. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, nao huashiria ringi za pistoni zilizochakaa, valvu zinazovuja au turbo iliyochoka. Moshi mweupe asubuhi ya baridi ya mwezi Julai, ukipotea injini ipatapo joto, si ajabu. Usipopotea, huenda nozeli zinatiririsha, au dizeli inanyunyizwa kwa kuchelewa, au maji yanaingia ndani kupitia gasketi iliyoungua.

Kwa moshi mweusi, fundi mwaminifu huanza na hewa. Atatazama chujio la hewa, kisha mipira na mabomba yatokayo kwenye turbo, kwani tundu dogo hupoteza hewa nyingi. Katika pampu nyingi za injini zenye turbo kuna kiwambo kidogo kinachozuia dizeli ya ziada mpaka hewa ya turbo ifike. Kikipasuka, au mtu akikichezea, lori hufuka kila linapoondoka kwenye taa za barabarani. Baada ya hewa, hupimwa nafasi za valvu na mbano wa kila silinda. Kisha nozeli hutolewa na kupimwa kwa mashine: je, yafunguka kwa mgandamizo uliowekwa na kiwanda, yatoa ukungu, au yadondosha matone? Hufuata taimingi, yaani wakati wa kunyunyiza, maana dizeli inayochelewa haipati nafasi ya kuungua. Pampu ni ya mwisho, nayo hurekebishwa juu ya meza ya kupimia, kwa vipimo vya kiwanda, si kwa sikio la fundi wala kwa matamanio ya dereva.

Malori ya miaka ya karibuni yana kompyuta, na mengi yana chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Wako watu watakaokushauri uling'oe chujio hilo au uidanganye kompyuta. Sheria za New South Wales zakataza kuondoa vifaa vya kupunguza moshi, na anayefanya hivyo hujitafutia mashaka siku ya kuuza lori na siku ya kukaguliwa.

Wala kisingizio cha mafuta mabaya hakitufai huku. Nyumbani tulizoea kulaumu dizeli, na mara nyingine kwa haki, kwani wako waliokuwa wakiichanganya na mafuta ya taa. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zilikubaliana kushusha salfa ya dizeli, ambayo huongeza chembe za moshi, hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia mwaka 2015. Australia imo kwenye sehemu 10 tangu mwaka 2009. Lori likifuka Sydney, kosa limo ndani ya lori.

Sheria nayo haina maneno mengi. Katika jimbo hili, gari likitoa moshi uonekanao mfululizo kwa zaidi ya sekunde 10, ni kosa, na mwananchi yeyote aweza kutoa taarifa kwa Mamlaka ya Kulinda Mazingira, EPA. Handaki la M5 East, lenye urefu wa kilomita 4 na lililofunguliwa mwaka 2001, liliwekewa kamera za kuyanasa malori yanayofuka, na mwaka 2013 faini yake ilipandishwa hadi dola 2,000. Kwa fedha hizo mtu hununua machujio ya hewa ya miaka mingi.

Hata hivyo, faini si sababu kuu. Mwezi Juni mwaka 2012, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Chembe zake ni ndogo kiasi cha kupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, nazo huzidisha pumu. Wa kwanza kuuvuta ni dereva mwenyewe, kisha mkewe anayeanika nguo uani, kisha mtoto aliyelala dirishani wakati baba anapasha injini moto saa kumi na moja alfajiri.

Kwa hiyo nawaomba wenye malori wafanye mambo matatu. Lori lipashwe moto mbali na madirisha, dakika chache tu, kisha liondolewe polepole. Lisiachwe likiunguruma mbele ya msikiti siku ya Ijumaa wala penye lango la shule. Na mwenzi wenu mmoja asimame nyuma, mbali kidogo, atazame bomba mnapoondoka, akahesabu. Akifika sekunde kumi na moshi ungalipo, siku ya gereji imefika, na swali la kwanza kwa fundi liwe juu ya hewa, si juu ya skrubu ya pampu.