Mpira wa ugenini kwa treni: panga safari ya kurudi kwanza

Simba au Yanga wakikaribia kucheza mechi kubwa, simu za kipindi chetu cha michezo hubadilika. Siku za kawaida mnatuuliza nani ataanza mbele na nani ana kadi. Wiki ya mechi kubwa mnauliza jambo moja: treni inaondoka saa ngapi, na nikitoka uwanjani nitaiwahi?

Swali hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Msikilizaji wetu mmoja, baba wa watoto watatu kutoka vijiji vya upande wa Gulwe, aliuza karanga zake gunia mbili akaenda Dar es Salaam na wenzake kuitazama timu yake. Timu ikashinda. Wenzake wakatoka mapema, yeye akabaki kushangilia. Alipofika stesheni treni ilishaondoka, simu imezima chaji, na namba ya mkewe ilikuwa ndani ya simu hiyo hiyo. Asubuhi yake familia ilipiga studio kutuomba tumtangaze kwenye matangazo ya waliopotea. Tukamtangaza. Alirudi salama siku ya pili yake, amechoka, na hela ya karanga imekwisha.

Ndiyo maana leo tumeamua kuandika haya mkae nayo kwenye simu: namna ya kuifuata timu kwa treni na kurudi nyumbani kwa wakati na kwa hela uliyopanga.

Reli imebadilisha nini

Sisi wa mikoani tuna bahati mbaya ya peke yetu. Timu tunazozipenda wengi wetu zina makao Dar es Salaam, kwa hiyo hata zikicheza nyumbani kwao, kwetu ni ugenini. Kwa miaka mingi safari hiyo ilikuwa ya basi, siku nzima barabarani, au ya treni ya zamani ya reli ya kati, ile iliyojengwa enzi za Wajerumani ikafika Kigoma mwaka 1914. Treni hiyo bado ni msaada mkubwa kwa watu wa Tabora na Kigoma, ila mwendo wake ni wa usiku na mchana.

Reli ya kisasa, SGR, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024. Tarehe 25 Julai mwaka huo huo ikafika Dodoma. Njia hiyo ni takribani kilomita 450, na treni ya umeme inaweza kukimbia hadi kilomita 160 kwa saa. Safari ya Dodoma hadi Dar ambayo kwa basi inakula siku, kwa treni ni saa tatu na nusu hadi nne hivi, kutegemea vituo inavyosimama.

Kwa shabiki maana yake ni hii: mtu wa Kilosa anaweza kuamka kwake asubuhi, kuona mpira jioni, na mara nyingine kulala kitandani kwake usiku huo huo. Kwa mtu wa Dar ni hivyo hivyo anapoifuata timu yake Uwanja wa Jamhuri Dodoma kucheza na Dodoma Jiji. Tumesema mara nyingine, si mara zote. Tatizo linaanzia hapo.

Nauli: anza na kwenda na kurudi

Nauli zilizotangazwa na LATRA huduma ilipoanza, kwa treni ya kawaida kutoka Dar es Salaam, zilikuwa Sh13,000 hadi Morogoro, Sh18,000 hadi Kilosa, Sh25,000 hadi Gulwe na Sh31,000 hadi Dodoma. Watoto wa miaka 4 hadi 12 waliwekewa nusu nauli. Treni ya haraka, ikiwemo ile ambayo wananchi wameibatiza mchongoko, nauli yake ni ya juu zaidi. Kabla ya kulipa, thibitisha bei ya siku hiyo, maana nauli hupangwa upya.

Wengi wanakosea hesabu wakiangalia nauli ya upande mmoja. Mtu wa Gulwe kwa nauli hizo anahitaji Sh50,000 kwenda na kurudi, na hapo hajala, hajapanda bajaji ya kumfikisha uwanjani, wala hajanunua tiketi ya mpira. Kama mechi ni ya usiku, ongeza gesti. Kama unakwenda na mtoto, ongeza chakula cha mtoto. Ukimaliza kujumlisha, weka pembeni kiasi cha nauli ya basi ya kurudia, na hicho usikiguse. Hata timu ikishinda, usikiguse.

Saa ya mpira na saa ya treni

Mpira una dakika 90, lakini hauishi kwa dakika 90. Kuna mapumziko ya dakika 15, kuna dakika za nyongeza kila kipindi, na kuna kuchelewa kuanza. Mechi ya saa 10 kamili jioni, hesabu kwamba inaisha saa 12 kamili. Kutoka nje ya uwanja wenye watu wengi kama Benjamin Mkapa, ambao umejengwa kubeba watu 60,000, weka nusu saa nyingine. Sasa ni saa 12 na nusu. Kutoka Temeke hadi Stesheni, katikati ya mji, si mbali kwa kilomita, ila siku ya mechi njia zote zimejaa. Weka saa nzima. Unafika stesheni saa 1 na nusu usiku.

Sasa tuseme treni yako inaondoka saa 2 kamili. Utasema una nusu saa mkononi. Huna. Treni hii haipandwi kama daladala. Kuna kukaguliwa mizigo, kuna kuonyesha tiketi, na milango ya abiria hufungwa kabla ya treni kuondoka. Nusu saa hiyo inaishia kwenye foleni.

Kwa hiyo kanuni tunayowapa ni rahisi. Chukua saa ya mechi kuanza, ongeza saa nne. Treni inayoondoka kabla ya hapo usiikatie tiketi ya kurudi. Mechi ya saa 10 jioni, tafuta treni ya saa 2 usiku na kitu, au baadaye. Ikiwa haipo, kubali kulala. Mechi ya saa 1 usiku inaisha saa 3, na hapo usijidanganye kabisa: lala, rudi kesho yake.

Kumbuka pia kwamba viwanja vya Dar haviko mahali pamoja. Mkapa iko Temeke, KMC Complex iko Mwenge, na Azam Complex iko Chamazi, mbele ya Mbagala. Mtu anayetoka Chamazi ana safari ndefu zaidi kurudi mjini. Soma kwenye tangazo la mechi uwanja ni upi, usikisie kwa mazoea.

Mechi ikiahirishwa

Hili ndilo lililoumiza watu wengi. Tarehe 8 Machi 2025 Yanga na Simba walikuwa wakutane Benjamin Mkapa. Usiku wa kuamkia siku hiyo Simba walisema wamezuiwa kufanya mazoezi uwanjani na kwamba hawatacheza. Siku yenyewe ya mechi Bodi ya Ligi ikatangaza kuahirisha. Wakati huo mashabiki wa mikoani walishaingia Dar, wengine wakiwa na jezi mwilini. Mechi ikapangiwa tarehe 15 Juni, ikasogezwa tena, ikachezwa tarehe 25 Juni, na Yanga wakashinda 2-0.

Aliyekuwa Dar tarehe 8 Machi hakuona goli hata moja. Nauli yake ilikuwa imekwenda, kwa sababu treni ilimfikisha alikolipia. Tiketi ya treni na tiketi ya mpira ni mikataba miwili tofauti. Mechi kuahirishwa si kosa la treni, na treni kuchelewa hakuzuii refa kupuliza filimbi.

Kuna mambo matatu yanayopunguza maumivu. La kwanza, usikate tiketi ya treni siku ratiba ya ligi inapotoka. Ratiba yetu husogezwa, hasa timu zikiwa na mechi za Afrika au wachezaji wakiitwa Taifa Stars. Subiri hadi wiki ya mechi, ila usisubiri hadi siku ya mwisho, kwa kuwa siti za siku ya mechi kubwa huwahi kujaa. La pili, kabla ya kulipa uliza masharti ya kubadilisha siku ya safari: mwisho ni lini na kuna makato gani. Yasome pale pale kwenye simu au muulize mkata tiketi. La tatu, sikiliza redio asubuhi ya safari kabla hujatoka nyumbani. Tunajua tunajipigia debe, lakini aliyesikia taarifa saa 1 asubuhi akiwa bado Kilosa ana nafasi ya kuamua. Aliyesikia akiwa Pugu hana.

Wanaosafiri kwa tawi

Matawi mengi ya Simba na Yanga vijijini huchangishana na kusafiri pamoja. Ni jambo zuri. Mkiwa wengi hampotei, na mgeni wa jiji anakuwa na mwenyeji. Ila hela ya tawi huleta ugomvi mkubwa kuliko kadi nyekundu. Tumeshapokea simu za watu waliolipa kwa katibu, mechi ikasogezwa, na katibu akawa hapokei simu.

Andikeni kabla ya kuchanga. Nani anashika hela? Mechi ikiahirishwa, hela inarudi au inasubiri tarehe mpya? Mtu akighairi mwenyewe, anarudishiwa? Karatasi moja ya daftari inatosha, kila mtu atie sahihi. Kila mmoja akatiwe tiketi kwa jina lake na namba ya kitambulisho chake, maana kitambulisho unaulizwa wakati wa kukata. Ukikatiwa kwa jina la shemeji yako aliyeghairi, utajieleza mlangoni wakati wenzako wameshakaa.

Mwenye kitochi naye asikate tamaa. Ndugu mwenye simu ya intaneti anaweza kukuwekea nafasi, wewe ukapata namba ya malipo na kulipa kwa hela ya simu. Tiketi iandike namba yake kwenye karatasi, au ichapishwe kabisa. Simu ikizima, karatasi haizimi.

Ukishuka, bado hujafika

Si kila treni inasimama kila kituo. Treni ya haraka inapita vituo vidogo bila kusimama, kwa hiyo hakikisha unayokata inashusha kwako. Na reli hii imezungushiwa uzio. Hakuna dereva atakayekushusha mbele ya shamba lako, na hairuhusiwi kukatiza relini kwa njia ya mkato.

Kisha kuna kipande cha mwisho. Mtu wa Mpwapwa mjini anashuka Gulwe, na kutoka pale bado ana safari. Saa 5 usiku daladala hakuna. Panga na bodaboda unayemfahamu kabla hujaondoka, mkubaliane bei mapema, na mwambie mtu wa nyumbani jina la bodaboda huyo. Kwa akina mama na mabinti wanaokwenda mpirani, na tunafurahi kwamba mnaongezeka, tunashauri mshuke zaidi ya mmoja au mlale mjini mrudi asubuhi.

Yule baba wa Gulwe tulimpigia tena kabla ya kuandika haya. Tulimuuliza kama atakwenda tena. Akacheka, akasema karanga za mwaka huu bado ziko shambani, ila atakwenda. Safari hii ameshamwambia mkewe watalala kwa shemeji Dar, treni ya asubuhi, wote wawili. Na namba ya mkewe ameikariri kichwani.

Nanyi fanyeni hivyo. Kariri namba moja, weka pembeni nauli ya kurudi, ongeza saa nne. Mkirudi salama, tupigieni studio mtuhadithie magoli.