Neno Moja, Kurasa Mbili

Sisi tulioanza shule kwa Kifaransa, kabla ya Rwanda kuamua mwaka 2008 kufundishia kwa Kiingereza, tungali na upungufu wa maneno. Hapa Grande Barrière, mpakani mwa Gisenyi na Goma, mimi hujifunza kwa kusoma The New Times. Neno “seizure” nililipata katika habari za magendo: kukamatwa kwa mali. Basi cheti cha zahanati kilipoeleza kuwa mwanangu alipatwa na “seizure”, nilimwuliza mke wangu ni mali gani iliyokamatwa. Kumbe ni degedege! Tangu hapo kila neno gumu naliandika daftarini pamoja na sentensi yake nzima, nikilisaka katika ukurasa mwingine. Juzi niliandika “duty”: forodhani ni ushuru, kwa askari ni zamu.