Upepo wa Kwanza Si Upepo wa Safari



Leo tuongee kuhusu upepo. Najua wengine watauliza: sisi watu wa msitu, bahari tunaijulia wapi? Lakini tunaitaja kila siku bila kufikiri. Tunasema "kusini ya Maniema". Neno kusini limetoka kwa kusi, upepo wa baharini unaovuma kutoka huko chini. Na kaskazini imetoka kwa kaskazi, upepo wa upande wa pili. Majina hayo yalikuja na misafara ya Unguja: Bagamoyo, Tabora, Ujiji, kuvuka ziwa, Kabambare, mpaka Kasongo ambako Tippu Tip alifanya kituo chake. Pembe za ndovu, na watu wetu waliochukuliwa kwa nguvu, walipita njia hiyo hiyo. Huko mwisho wa njia, kila kitu kilingoja upepo.

Pepo hizo zina ratiba. Kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, kaskazi ilikuwa inaleta majahazi kutoka Uarabuni na India. Kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi, kusi ilikuwa inayarudisha. Sababu ni jua. Katikati ya mwaka bara la Asia linapata joto kali, hewa yake inapanda, na hewa ya baharini inakimbilia kujaza nafasi. Desemba mambo yanageuka.

Shida iko katikati. Kati ya musimu mmoja na mwingine kuna kipindi ambacho watu wa pwani wanakiita tanga mbili, na pepo zake maleleji. Asubuhi unavuma huku, mchana kule, usiku shwari kabisa. Ni kwa sababu pepo za kusini na za kaskazini zinakutana, na hewa, badala ya kwenda mbele, inapanda juu. Inapopanda inafanya mawingu, na mawingu yanaleta dhoruba za ghafla. Mabaharia Wafaransa wanaita sehemu hiyo pot-au-noir. Ukanda huo wa mawingu hautulii mahali pamoja. Unafuata jua, na mvua zetu za huku bara zina uhusiano nao.

Sasa mtu akikamatwa na maleleji katikati ya bahari, anafanya nini?

Kwanza, anajipanga kabla ya kuondoka. Mwaka 1938 Mwaustralia Alan Villiers alipanda jahazi la Kuwait, jina lake Bayan, toka Aden mpaka Unguja na Rufiji. Walishuka na kaskazi, na mwaka 1939 wakarudi na kusi. Nahodha mzuri hajivunii kushindana na upepo. Anajivunia kujua tarehe ya kutoka.

Pili, anahesabu maji kwa siku za kukwama, si kwa siku za kusafiri. Novemba 1980 jahazi Sohar, lililoshonwa kwa kamba za nazi bila misumari, lilitoka Muscat kwenda China. Kati ya Sri Lanka na Sumatra upepo ukalikataa kwa majuma mengi. Mvua iliponyesha, wakakinga maji. Wakavua samaki. Julai 1981 wakafika Canton.

Tatu, anatumia upepo mdogo. Karibu na pwani, usiku nchi kavu inapoa na upepo unatoka bara kwenda baharini. Mchana unarudi. Hata kama unavuma kutoka kule unakokwenda, unaweza kupiga bisho: unakwenda upande huu kidogo, kisha upande ule, kama mtu anayepanda mlima kwa njia ya kuzunguka.

Nne, anafanya kazi wakati wa shwari. Anashona tanga, anaziba nyufa, anabadilisha kamba. Upepo ukija, chombo kiwe tayari.

Tano, na hii njo ngumu kuliko zote: anajua wakati wa kushusha tanga. Hii sikuisoma kwenye kitabu.

Mwezi wa kumi, miaka michache iliyopita, nilitoka Kalemie kwa mtumbwi wa motere kwenda upande wa Fizi. Tulikuwa watu tisa na bidoni mbili za maji. Bidoni moja tuliimaliza kabla ya saa sita, kunawa na kupika, kwa sababu tulijua jioni tutafika. Kisha motere ikafa. Tukafunga ile bashi ya kufunikia mizigo kwenye mti, ikawa tanga. Upepo ukatusukuma saa moja tu, ukakata. Ziwa likawa kama kioo. Muzee mwenye mtumbwi akachukua ile bidoni ya pili, akaiweka katikati ya miguu yake, akaanza kutupimia kwa kikombe.

Tulilala humo. Kesho yake mchana wingu jeusi likatokea, na ubaridi ukaanza kutugusa usoni. Nikaruka: "Muzee, upepo njo huu, tukaze kamba!" Yeye alikuwa anafungua.

"We mutoto, ngoja kwanza. Hii haiko upepo ya kusafiri, hii ni ya mvua. Tushushe."

Nilikasirika. Nilisema maneno ambayo mtoto hasemi kwa muzee. Dakika chache baadaye dhoruba ikatupiga, mtumbwi ukalala upande, tukachota maji kwa sufuria na viatu. Kama ile bashi ingekuwa juu, nisingeandika leo. Hata Sohar, upepo ulipogeuka ghafla, foromali ya tanga kubwa ilivunjika, na lile lilikuwa jahazi la maana.

Mvua ikapita. Tukajaza bidoni. Jioni upepo mdogo ukaanza, mpole, na ukaendelea. Muzee akasema, "Sasa pandisha." Tukafika usiku.

Bandugu, wengi wetu tuko kwenye tanga mbili. Shule imekwisha, kazi haijaja, na nyumbani wanauliza kila siku. Mimi pia niko humo, mwaka wa tatu. Sitawadanganya kwamba kungoja kunatosha. Yule muzee hakungoja tu: alipima maji, aliangalia wingu, alitengeneza kamba. Lakini mtu akija na ahadi kubwa, anataka pesa yako leo leo, au anataka ukapande gari usiku bila kuuliza tunaenda wapi, kumbuka ule ubaridi usoni. Uliza kwanza kama ni upepo wa safari ao wa mvua.